Mstari Ulioandikwa Ahadi

Kiriaini,
7 Julai 2025

Kwako Bi. Nadhira Dawud,

Natanguliza salamu, na pamoja nazo naomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako ilinifikia mapema. Niliiweka mezani siku kumi nikitafuta maneno ya kukujibu yasiyokuumiza, nami nakiri kwamba sikuyapata.

Uliomba msamaha kwa kuandika badala ya kupiga simu. Usijali kabisa. Sikio langu la kulia limekufa, na la kushoto husikia simu kama mtu anayekaanga mahindi. Nasikitika tu kwamba umelazimika kuizima laini yako kwa sababu wale wa mikopo ya simu wanampigia kila mtu ambaye jina lake limo ndani yake. Hata mimi walinipigia. Sikusikia walichosema, nikawashukuru.

Sasa nije kwenye ombi lako. Unataka mkopo mpya wa shilingi sabini elfu katika Sacco yetu ya akiba na mikopo, ili umlipe yule mkopeshaji wa mtaani na kumlipia binti yako Sumayya karo ya kwanza ya chuo cha uuguzi kabla ya tarehe 1 Septemba. Unahitaji wadhamini wawili. Wangechi wa jikoni ameshatia sahihi, na wa pili unaomba niwe mimi, kwa kuwa hisa zangu ziko huko tangu nilipostaafu.

Bi. Nadhira, nilikuwa mhasibu wa shule hiyo unayofanyia kazi kwa miaka ishirini na saba. Nimewaona walimu wakitia sahihi fomu za udhamini wakati wa chai, kikombe mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, bila hata kusoma kiasi, kwa sababu kumkatalia mwenzako mbele ya watu kungeonekana utovu wa adabu. Kisha nimewaona watu haohao dirishani pangu, mwisho wa mwezi, na hati ya mshahara iliyobaki na shilingi mia nane. Niliapa kwamba jina langu halitaingia katika deni la mtu mwingine, na halijaingia. Naomba uniwie radhi. Siwezi.

Lakini sitaki kukuacha mikono mitupu. Ndani ya bahasha hii utapata daftari dogo la kijani. Andika humo kila shilingi inayotoka, kwa mwezi mmoja, bila kujificha, kisha uniletee hesabu. Ndivyo mimi na marehemu mke wangu Magdaline tulivyoishi miaka arobaini na moja bila deni hata la chumvi. Wakati fulani aliniomba miwani ya kusomea. Nilimwuliza, kwa upole kabisa, ingemsaidia kusoma nini ambacho mimi singeweza kumsomea. Hakuomba tena, na fedha ile ikaezeka zizi. Nakueleza haya ili uone kwamba inawezekana.

Wako mtiifu,
Eliya Nderitu

*

Majengo, Nyeri,
16 Julai 2025

Kwako Mzee Nderitu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipokea na daftari nimelipokea. Sina kinyongo. Mtu akikukatalia kwa kurasa mbili, tena kwa mwandiko mzuri hivyo, amekuheshimu.

Jikoni, hata hivyo, hawakukuheshimu sana. Niliifungulia bahasha stoo, Wangechi akachungulia, akapiga kelele hadi kwa wakata kabeji: "Haiya! Mzee Risiti ametuma kitabu! Sasa Nadhira, hiyo kitabu yake utaipika na mafuta gani?" Wakacheka mpaka ugali ukashika sufuria. Natumaini unajua kwamba walikuita Mzee Risiti miaka yote ile. Kama hukujua, nisamehe.

Sikungoja mwezi uishe, kwa sababu mwezi wangu naujua kwa moyo. Mshahara wangu wa kutunza stoo ni elfu kumi na nane na mia tano kabla ya makato. Chumba ni elfu nne. Unga, mboga, mafuta na mkaa ni elfu tano na mia mbili, na hapo nyama tunaila sikukuu. Nauli sina, naenda kwa miguu. Sabuni na mahitaji ya kike, mia sita. Madrasa ya mtoto wa marehemu dada yangu, mia tano. Mchango wa mazishi ya mwalimu wa kemia, mia tano, na mchango wa harusi ya karani, mia tano. Hii ya harusi usinilaumu, walipitisha karatasi yenye majina na jina langu lilikuwa limeshaandikwa. Mkopo wa simu, mia tisa. Yule shailoki wa stendi, mkopeshaji niliyekutajia, elfu tatu. Na mstari wa mwisho nimeuandika Ahadi: elfu tatu na mia nne.

Ukijumlisha utaona inazidi mshahara baada ya makato. Hiyo inayozidi ndiyo inayozaa mkopo wa mwezi unaofuata. Mimi pia najua kujumlisha, Mzee.

Sumayya anakusalimu. Barua yake ya kuitwa chuoni ameipachika ukutani juu ya kitanda, na kila asubuhi anaifuta vumbi.

Nadhira

*

Kiriaini,
25 Julai 2025

Kwako Bi. Nadhira,

Nakushukuru kwa unyofu wako. La jina lile nilikuwa nalijua. Karani aliyelibuni aliniomba mkopo siku hiyohiyo.

Nimeisoma hesabu yako mara tatu, kwa kalamu ya risasi. Ni hesabu ya mtu mwangalifu kuliko nilivyotarajia, na naomba radhi kwa nilivyotarajia. Unga wako sina la kuuambia. Michango ya shule ungeweza kuikwepa, ingawa najua kwamba karatasi yenye majina ikishazungushwa huwa ngumu kuliko hundi. Tatizo lako, kwa jicho langu, liko katika mstari mmoja. Elfu tatu na mia nne, kila mwezi, na hukuandika ni ya nini. Nimekuwa mhasibu muda mrefu. Mstari usio na maelezo ndio ninaousoma kwanza.

Naomba univumilie kama nitasema jambo lisilonihusu. Wewe ni mjane kama mimi. Si aibu mwanamke kuwa na mtu. Lakini kama yuko mwanamume anayepokea ahadi hiyo kila mwezi huku binti yako akifuta vumbi barua ya chuo, basi nakusihi umwache.

Nikupe mfano wa nyumbani kwangu. Marehemu Magdaline alifuga kuku ishirini na wawili. Kila mwezi, siku ya kliniki yake, alibeba trei za mayai hadi shuleni kwenu. Bila shaka wewe mwenyewe ndiwe uliyempokelea stoo. Nilimpa shilingi mia tatu za dawa, naye hakuwahi kuomba zaidi. Kwa mayai aliniletea faida ya mia mbili, mara nyingine mia na hamsini. Nilielewa kwamba alikuwa akiyagawa kwa watu. Alikuwa na moyo mwepisi. Sikumgombeza. Alipofariki, Aprili mwaka jana, niliwauza kuku wote wiki ya pili, kwa sababu daftari lilionyesha kwamba hawalipi chakula chao. Moyo hutudanganya, Bi. Nadhira. Daftari halidanganyi.

Niambie Ahadi ni nani, nasi tutaona la kufanya.

Wako mtiifu,
Eliya Nderitu

*

Majengo, Nyeri,
4 Agosti 2025

Kwako Mzee Nderitu,

Hakuna mwanamume. Angekuwa ameandika hayo mtu mwingine, ningeichana barua. Kwa kuwa ni wewe, nimeikunja.

Ahadi ni mkopo wa Sacco, wa shilingi laki moja, nilioukopa kwa jina langu mwaka 2023 kwa ajili ya mtu niliyempenda kama mama. Alikuwa akinirudishia kidogo kidogo, bila kukosa hata mwezi mmoja. Kisha akafa. Sacco haijui aliyekufa. Inajua aliyetia sahihi. Nimebakiza miezi saba. Niliahidi kwamba sitamtaja, kwa hiyo usiniulize tena. Mimi ni Mwislamu, Mzee. Hukumu ya riba naijua, na nitaijibu mimi mwenyewe siku yake. Hukumu ya kuvunja amana sitaki kuijibu.

Nikueleze tu hali ilivyo ili usidhani nafanya mchezo. Januari nilipungukiwa, nikaenda kwa shailoki. Yeye hataki shamba wala kitambulisho. Anataka kadi ya benki na nambari ya siri. Nilimpa. Kila mshahara ukiingia tunasimama naye nje ya benki, anatoa zote, anachukua zake, ananihesabia kilichobaki hapohapo mbele ya watu, kama mtu anayetoa sadaka. Na si mimi peke yangu. Siku hiyo utawaona walimu wawili, mlinzi wa usiku na karani aliyeoa, sote tumejipanga ukutani, kila mtu akijifanya anangoja gari. Tunajuana, hatusalimiani.

Nikipata ule mkopo wa sabini, kadi inarudi mkononi mwangu siku hiyohiyo, Sumayya anaingia chuoni, na ninalipa Sacco peke yake. Nimeupigia hesabu katika daftari lako, ukurasa wa tisa. Inakaa sawa.

Nakuomba kwa mara ya mwisho. Ni sahihi tu. Tarehe 1 Septemba haisogei.

Nadhira

*

Kiriaini,
11 Agosti 2025

Kwa Mwalimu Mkuu, Bi. Kagure
Nakala: Mwenyekiti, Bodi ya Shule

YAH: HALI YA KIFEDHA YA WAFANYAKAZI

Mheshimiwa,

Naomba radhi kwa kukuandikia nikiwa mstaafu asiye na cheo, na nakushukuru mapema kwa subira yako.

Nimepata kujua, kwa njia ya kuaminika, kwamba wafanyakazi kadhaa wa shule wamekabidhi kadi zao za benki pamoja na nambari za siri kwa wakopeshaji wa mtaani. Jambo hili linanihuzunisha. Hawa si wapotevu. Wengi walianguka kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha kupanga mshahara, na kwa sababu ya udhamini wa kuoneana haya. Napendekeza, kwa unyenyekevu, shule iandae siku moja ya mafunzo ya matumizi, nami niko tayari kuja kufundisha bila malipo, hata nauli nitajilipia.

Sitamtaja mtu kwa jina, kwani nimeambiwa kwa siri. Nitasema tu, kama mfano, kwamba mtunza stoo, mtu mwaminifu na mwenye bidii, yumo katika hali hiyo, na pengine shule ingeweza kumpa karadha ndogo ya mshahara ili aikomboe kadi yake kabla ya tarehe 1 Septemba.

Wako mtiifu,
E. Nderitu
Mhasibu Mstaafu

*

Kiriaini,
12 Agosti 2025

Kwako Bi. Nadhira,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama. Naomba radhi kwa lile la mwanamume. Nilikuwa na haki ya kulifikiri, sikuwa na haki ya kuliandika.

Sahihi bado siwezi. Usione ni ugumu wa moyo. Mtu wa miaka sabini na minne akivunja kiapo chake cha pekee, hana tena cha kusimamia. Hata hivyo nimefanya jambo ambalo naamini ni bora kuliko sahihi. Sitakueleza leo, ili lisije likaharibika. Utaitwa ofisini, usiogope. Nenda na daftari.

Na huyo uliyempenda kama mama, Mungu amlaze pema. Lakini naomba uniruhusu kusema kwamba alikutendea vibaya. Mtu mwenye jamaa hamtwishi mgeni deni lake. Alikuwa na watu wake. Wako wapi?

Wako mtiifu,
Eliya Nderitu

*

Majengo, Nyeri,
3 Septemba 2025

Mzee Nderitu,

Shikamoo. Mimi ni Sumayya. Mama hajui kwamba nakuandikia, na barua zake zote na zako nimezisoma. Mimi si mzuri wa barua, nitasema tu.

Mama aliitwa ofisini tarehe 18 Agosti, kama ulivyomwambia. Alivaa buibui lake jipya na akabeba daftari lako. Alidhani amepata karadha. Alimkuta Mwalimu Mkuu na watu wawili wa bodi na barua yako juu ya meza. Wakamwuliza kama ni kweli kadi yake iko kwa shailoki. Akasema ni kweli. Wakamwambia mtu mwenye shida kama hiyo hawezi kuachiwa funguo za mchele na mafuta. Wakapima stoo yote siku mbili. Hakuna hata kilo moja iliyopungua, Mzee, hata moja. Wakamwambia ahsante kwa uaminifu wako, lakini bodi haiwezi kusubiri mpaka ujaribiwe. Mkataba wake ukakatwa. Wewe ati hukumtaja jina. Shule nzima ina mtunza stoo mmoja.

Shailoki aliposikia hana kazi akaja nyumbani akachukua jiko la gesi na godoro langu. Tarehe 1 imepita. Chuo kimempa nafasi yangu mtu mwingine. Barua nimeibandua ukutani mwenyewe.

Sasa nitakuambia, kwa sababu aliyeahidi si mimi. Uliuliza watu wake wako wapi. Watu wake ni wewe. Ule mkopo ni wa Mama Magdaline.

Moyo wake ulikuwa unajaa maji. Mama alimkuta ameinama juu ya trei za mayai hapo stoo, midomo ya bluu. Akampeleka hospitali ya watu binafsi, akalazwa siku tano. Wewe uliambiwa ni kina mama wa kanisa waliolipa. Dawa zake hazikuwa mia tatu kwa mwezi. Zilikuwa elfu tatu na mia saba. Mkopo ndio uliolipa hospitali na dawa zilizozidi, na mayai ndiyo yaliyokuwa yakimlipa Mama. Halafu ukauza kuku.

Nilikuwepo Mama alipomwambia, "Mama Magdaline, si umwambie tu Mzee? Ana hisa, ana ng'ombe." Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Nikimwambia bei, ataniuliza kwa upole zinanisaidia nini. Na mimi sina jibu, Nadhira. Zinanisaidia kupanda ngazi ya kanisa bila kusimama. Hiyo si jibu ya kuandika kwa daftari."

Ndiyo hayo.

Sumayya

*

Kiriaini,
14 Septemba 2025

Kwako Bi. Nadhira, na kwako Sumayya,

Sijui nianze na radhi ipi.

Barua ya Sumayya ilinifikia Jumatatu. Sikuiamini. Niliteremsha madaftari ya nyumba, ya mwaka 2023 na 2024, nikiwa na hakika kwamba yatanitetea. Yako hapa mbele yangu. "Dawa, M., 300." Mwandiko wangu mwenyewe, mara kumi na tatu, na pembeni ya ule wa Desemba nimeandika: "Anajua kubana. Vyema." Nimetafuta siku moja, hata moja, niliyouliza ni dawa gani. Niliandika bei ya chumvi ya ng'ombe kwa senti.

Nikakumbuka pia kwamba niliwaandikia kina mama wa kanisa barua ya shukrani kwa kumlipia hospitali. Mwenyekiti wao alinijibu kwa mstari mmoja tu. Nilidhani ni unyenyekevu wa Kikristo. Jana nilimwendea, nikamwuliza. Aliinamisha kichwa akasema, "Mzee, tulidhani wewe unajua, na umeamua kusema hivyo." Kumbe parokia nzima ilijua, ikanionea haya.

Nilikwenda shuleni siku ya Jumatano. Bi. Kagure alinipokea kwa heshima sana, akaniagizia chai. Nilimweleza kwamba deni lile ni la nyumba yangu, si lako. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema anasikitika, lakini uamuzi ni wa bodi, na bodi iliamua kwa msingi wa maandishi. Akanionyesha barua yangu ndani ya faili. Wameipiga muhuri. Nilimwomba niiondoe. Akasema, "Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki." Nilisema hivyo kweli, mwaka 1998, katika kikao cha wafanyakazi. Nilipokuwa natoka alinikumbusha kwamba wamelikubali pendekezo langu la siku ya mafunzo. Nimekataa.

Kisha nikaenda Sacco kutoa hisa zangu. Wananiambia ni lazima nitoe notisi ya siku sitini. Nimetoa. Kwa hiyo nimemwuza ng'ombe mwenye mimba. Pamoja na barua hii utapokea, kwa mkono wa Wangechi, shilingi hamsini na saba elfu na mia nane. Ndiyo elfu tatu na mia nne kwa miezi kumi na saba, tangu Mei mwaka jana hadi mwezi huu. Miezi sita iliyobaki nitailipa mimi mwenyewe kule Sacco, nimeshawaandikia. Na hisa zikitoka, Novemba, ni za Sumayya, kwa karo ya mwaka ujao, zote.

Nimeomba pia fomu ya udhamini. Nimeitia sahihi, sehemu ya kiasi nimeiacha wazi. Ijaze upendavyo. Karani alinionya kwamba fomu hiyo haina kazi kwa mtu ambaye hana mshahara. Nakutumia hata hivyo.

Nilikuandikia kwamba aliyekutwisha deni lake alikutendea vibaya. Naomba neno hilo ulichukue ulirudishe mahali pake, kwangu.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uniambie jambo moja, kama unaweza. Alipokuwa akija huko stoo, alikuwa akisema nini?

Eliya Nderitu

*

Kenol,
19 Oktoba 2025

Kwako Mzee Nderitu,

Salamu. Barua yako na fedha zilinifikia Majengo siku moja kabla sijahama. Niko hapa Kenol, ninaosha vyombo katika hoteli moja ya njia kuu. Ninalipwa kila jioni, kwa mkono. Sumayya yuko kwa shangazi yake Nyeri, anauza katika duka la viatu.

Hesabu yako ni sahihi. Nimeirudia, haina kosa hata la shilingi. Kadi yangu nimeikomboa, haina kitu ndani. Hisa za Novemba nitazipokea kwa ajili ya mtoto, kwa sababu kukataa kungekuwa kiburi, na kiburi sina uwezo nacho sasa. Fomu yako nimeichoma. Usitie tena sahihi karatasi isiyoandikwa kiasi. Ulitukataza wewe mwenyewe.

Sumayya nimemgombeza kwa kuvunja amana yangu, na nikamwacha. Nisingalikuambia kamwe. Si kwa kukuonea huruma, niliahidi.

Umeuliza alikuwa akisema nini. Si mengi. Alikuwa akija saa nne, tunahesabu mayai, yaliyopasuka tunakaanga pamoja na Wangechi. Kisha anakaa juu ya gunia la maharagwe, anasoma. Alisoma chochote: magazeti yaliyofungia mayai, vibandiko vya mifuko ya mchele, barua za watoto wa shule zilizookotwa bwenini. Zile za mapenzi alitusomea kwa sauti, Wangechi akajigaragaza chini. Alikuwa akisoma vizuri sana, kama mtu wa redio. Saa nane anafunga kitabu au gazeti, anafuta macho, anaondoka kwenda kuwahi gari la Kiriaini.

Nina maombi mawili. La kwanza, kwa hisani yako, usimwandikie mtu yeyote tena kuhusu mimi, hata kunisifu.

La pili, pokea kilichomo ndani ya kitambaa hiki. Siku ya kukabidhi stoo walinipekua mkoba, wakaniuliza kama hii nayo ni mali ya shule. Ni miwani ya kusomea. Aliinunua kwa mayai ya mwezi wake wa kwanza kutuletea stoo, mia nane na hamsini, sokoni Nyeri. Hakuwahi kuja nayo nyumbani kwako. Kila alipomaliza kusoma aliivua, akaipangusa kwa ncha ya leso, akaniwekea kwenye droo ya mizani, akaniambia, "Nitunzie mpaka mwezi ujao."

Nadhira